Meno Mapya ya Daisy

Kuna wanaolea watoto kwa kuwabeba mgongoni na kuna wanaowalea kwa makelele. Chebet alimlea wake kwa mswaki, tena kwa simu. Kila alfajiri, katika bafu la bweni la wafanyakazi wa kike wa hoteli moja ya West Bay, aliiegemeza simu kwenye kopo la sabuni, akaikaza isiteleze, akapiga nyumbani Njoro. Saa ya Doha na saa ya Kenya ni moja, na katika mambo yote haya hiyo ndiyo bahati pekee aliyopewa. Upande wa pili Daisy alikuwa keshaamka, msichana wa miaka sita, macho yamejaa usingizi na mswaki mkononi. Wakaangaliana, wakaanza.

Chebet alikuwa mkali katika jambo hili, usimwone mpole. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje moja ya minji, si zaidi. Mswaki uwe laini, ulazwe kidogo, nywele zake ziguse pale jino linapoingia kwenye ufizi, usuguliwe polepole kwa miduara midogo. Nje, ndani, juu ya magego, kisha ulimi. Mtoto asikandamize, maana ufizi si sakafu. Akimaliza ateme tu povu, asisukutue, dawa ibaki ifanye kazi yake. Usiku, baada ya mswaki, hakuna chai ya sukari wala biskuti ya kubembelezea usingizi. Yote hayo Daisy aliyajua kama anavyojua jina lake, na siku Chebet aliporuka magego ya nyuma kwa haraka ya kazi, mtoto alimsimamisha amalize.

Wenzake walimcheka. Ann, Mganda aliyelala kitanda cha pili katika chumba chao, alikuwa akigonga mlango wa bafu na kuuliza darasa litafungwa lini, maana basi la kampuni halingoji meno ya mtu. Chebet hakujali. Ukiwa Doha huwezi kumsuka mtoto aliye Njoro. Huwezi kumgusa shingo usikie kama ana homa, huwezi kumfunga kamba za viatu. Lakini kupiga mswaki pamoja naye unaweza, na kwa dakika hizo chache wewe ni mama kama mama wengine. Alimwacha Daisy akiwa ndiyo kwanza anatembea. Kama si huo mswaki, wangekuwa watu wawili wanaosalimiana.

Ila kwa Chebet meno hayakuwa jambo la mapenzi peke yake. Yalikuwa kisasi.

Mtu wa upande ule wa Nakuru utamjua akicheka. Maji ya visima vya huko huwatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno, wengine mistari tu, wengine jino zima kama limechovywa kwenye chai ya rangi. Kila mtu huko anajua chanzo ni maji. Yanafanya hivyo kwa namna gani, hapo kila mtu ana lake. Chebet alikua na meno hayo bila kuyaona, kwa sababu aliocheza nao walikuwa nayo, mwalimu alikuwa nayo, hata pasta alihubiri nayo. Aliyaona mara ya kwanza alipokwenda Nairobi kusomea kazi za hoteli. Darasani walimuuliza kama anatafuna tumbaku. Mwalimu mmoja, mama mwenye roho nzuri kabisa, alimwita pembeni, akamzawadia mswaki mpya na kumwambia usafi wa kinywa ni nusu ya kazi. Chebet, ambaye alikuwa akipiga mswaki mara tatu kwa siku mpaka mkono unamuuma, aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante. Alilia chooni. Kuna wema unaouma kuliko tusi, na ule ulikuwa mmojawapo.

Baada ya hapo kila usaili ulikwenda vizuri mpaka alipofungua kinywa. Kazi aliyoipata Doha ilikuwa ya kutandika vitanda, kazi ya kuingia vyumbani wageni wakiwa wametoka. Alitandika miaka mitatu. Kisha akajinyima, akaenda kwa daktari wa meno, akabandikiwa maganda membamba meupe juu ya meno ya mbele, na haikuchukua muda Marvin, Mkenya mwenzake aliyesimamia mapokezi, akamwambia kuna nafasi ya kusimama mbele. Hakuna aliyetaja meno. Hakukuwa na haja.

Daisy, basi, alimkumbuka mama mwenye meno meupe tu. Alikuwa na miaka minne hivi, povu limemjaa mdomoni, alipomuuliza mbona meno yake yanang'aa. Chebet alikuwa na nafasi ya kusema. Aliitazama sura ile ndogo kwenye kioo cha simu, akasema, "Kwa sababu mimi napiga mswaki kila siku."

Na kweli alikuwa akipiga mswaki kila siku. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa kweli. Nyingine ilikuwa uongo mweupe, mweupe kama maganda yenyewe, na mtoto aliumeza mzima.

Usidhani Chebet alikuwa mjinga wa kuamini mswaki utayafuta maji ya Njoro. Nani aliyejua hilo kuliko yeye? Rangi aliishughulikia kivyake. Siku aliyoondoka kwenda Qatar alimwachia mama yake amri moja: Daisy asinywe tone la maji ya kisima ambayo hayajachemka, na yachemke sana, si kuchemka kwa kudanganya. Alinunua mtungi wa gesi, akanunua sufuria kubwa ya maji peke yake. Mama yake, ambaye Daisy alimwita Kogo kama wajukuu wote wa Kikalenjin wanavyowaita bibi zao, si mtu wa kupokea amri za binti, lakini hii aliipokea. Naye aliwahi kuona mtoto wake akirudi kutoka Nairobi na kinywa kimefungwa.

Kogo alichemsha. Lo, alichemsha yule mama. Maji yalitokota mpaka yakashuka nusu ya sufuria, ndipo akayaipua na kuyatia kwenye chupa ya Daisy. Chini ya sufuria palibaki ukoko mweupe, akaukwangua kwa kijiko, akauonyesha kwenye simu. "Unaona?" alimwambia Chebet. "Hii ndiyo ingeingia kwenye meno ya mtoto." Mama na binti waliutazama ukoko ule kwa furaha ya watu walioua nyoka. Maji ya mvua waliyokinga kutoka kwenye mabati yalijaa tangi la nyuma ya nyumba, lakini hayo hawakumpa mtoto. Ndege wanakaa juu ya paa, na maji ya mvua hayana ladha. Yalitumika kufulia, kwa kuwa yanatoa povu zuri, na kumnyweshea ng'ombe.

Meno ya utoto ya Daisy yalikuwa meupe. Chebet aliyahesabia kuwa ushahidi. Alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu, usimtafutie kingine: Daisy awe na meno yasiyomfungia mlango wowote. Nyumba ya mawe ingesubiri. Shamba lingesubiri.

Ndipo meno mawili ya chini yakalegea, yakang'oka, na mapya yakaanza kuchomoza. Kogo alipiga picha akiwa amemshika mtoto kidevu. Meno yalikuwa meupe. Si meupe tu, meupe sana, meupe kama chaki. Chebet aliitazama picha ile ndani ya basi la kampuni mpaka Ann akamuuliza kama amechumbiwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Ijumaa Wakenya Wakristo wa Doha hukutana Mesaimeer, kwenye makanisa, na baada ya misa watu hukaa kwenye vivuli vya kuta wakila chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha na kupeana habari za nyumbani. Chebet alimtafuta Kwamboka. Huyo alikuwa Mkisii, msaidizi wa daktari katika kliniki moja ya meno, na ndiye aliyemfundisha mambo ya miduara na punje ya minji. Alimpa simu kwa fahari ya mzazi aliyeshika ripoti ya mtoto wa kwanza darasani.

Kwamboka aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza tena. Kisha akauliza mtoto anaishi wapi.

"Njoro, na mum wangu."

"Anakunywa maji gani?"

Chebet alieleza. Alieleza gesi, sufuria, maji yanavyoshuka nusu, ukoko unavyokwanguliwa. Aliongea haraka, akitabasamu, na kadiri alivyoongea ndivyo Kwamboka alivyozidi kuitazama simu badala ya kumtazama yeye.

"Mama Daisy," Kwamboka akasema, "kuchemsha kunaua viini vya magonjwa. Ile madini inaharibu meno inaitwa floridi, na hiyo haiendi na mvuke. Maji yakipungua, yenyewe inabaki humo. Ukichemsha yaishe nusu, mtoto anakunywa yenye imekuwa kali mara mbili."

"Na ile kitu nyeupe inabaki chini?"

"Hiyo ni chumvichumvi tu ya maji."

Chebet akasema lakini meno yametoka meupe, si anayaona. Kwamboka akamrudishia simu. Alieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaambia watu mambo mabaya wakiwa wamelala kitini. Meno ya ukubwani hayaanzi siku yanapochomoza. Yanaumbwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga, miaka na miaka, wakati mama anayahesabu yale ya utoto na kushangilia. Ya Daisy ya mbele yaliumbwa yakaisha kitambo. Jino zima hung'aa kidogo. Hili limefifia, na weupe wa chaki maana yake ganda la juu halikushikana, lina vitundu visivyoonekana, na humo ndimo rangi itakamoingia. Haitachukua muda mrefu.

"Na mswaki?" Chebet aliuliza.

"Mswaki asiache hata siku moja. Jino kama hili likiwa dhaifu linameguka na kuoza haraka kuliko la mtu mwingine. Ni yeye anahitaji mswaki kuliko sisi wote. Lakini rangi, hapana. Rangi haisikii mswaki."

"Hakuna kitu naweza kufanya?"

"Kuna magego ya nyuma bado yanaumbwa. Badilisheni maji leo, labda hayo yatapona. Hamna maji ya mvua huko?"

Chebet alikuwa anaiona kamba ya nguo nyuma ya nyumba yao, na sare ya shule ya Daisy ikidondosha maji. Miaka mitano wamefulia soksi kwa maji yale. Ng'ombe alikuwa na meno mazuri kuliko mtoto. Aliketi pale kwenye kivuli cha ukuta, watu wakipita na kumsalimia, naye akiitikia, na hasira iliyompanda haikuwa na mtu wa kuangukia isipokuwa yeye.

Alimpigia mama yake jioni. Alijitahidi kuliweka jambo kwa upole, lakini jambo lenyewe halina upole. Kisha Kogo akasema aliambiwa achemshe. Chebet akakubali, ndiye aliyemwambia. Kogo akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alimlea Chebet kwa maji mabichi bila kujua lolote, na hiyo Mungu atamsamehe. Huyu mwingine amemlea kwa moto, ameamka usiku kuchochea, ameungua mkono. Chebet alimwambia hakuna anayemlaumu. Mama yake akajibu kwamba hilo analijua, na akakata simu.

Tangi la mvua lilikuwa tupu. Ulikuwa mwezi wa pili, kiangazi kimekaza, na maji ya mwisho yalikuwa yamefulia mapazia ya Krismasi. Kogo akaanza kumnunulia mtoto maji ya chupa dukani, na yalipokosekana akaomba ya mvua kwa majirani wenye matangi makubwa, akijibu maswali yao kwa aibu. Chebet naye, Doha, mahali pasipo na mto hata mmoja, alikunywa maji ya bahari yaliyosafishwa mpaka yakawa hayana doa.

Kila alfajiri waliendelea na mswaki, na kila alfajiri Chebet hakutazama tena mkono wa mtoto bali meno yale mawili. Aliona mstari wa kwanza kabla ya mvua kuanza. Alijiambia ni mwanga wa taa. Ukazidi, ukawa rangi ya majani ya chai yaliyokaa kikombeni. Meno ya juu yalipochomoza hayakuficha kitu, yalikuja na madoa yake tayari, na moja lilikuwa limeliwa pembeni kabla halijatafuna chochote.

Unaweza kusema, kwani nini, si watoto wote wa shule ile wana meno hayo? Ndivyo Chebet alivyojifariji. Lakini alisahau kwamba mtoto husema nje anachofundishwa ndani. Ilikuja kujulikana, kwa kinywa cha mwalimu wa darasa la kwanza aliyekutana na Kogo sokoni, kwamba Daisy alikuwa amewatangazia wenzake tangu chekechea kwamba meno yao ni ya kahawia kwa sababu hawapigi mswaki. Yeye yake yatakuwa meupe kama ya mamake aliye Qatar, maana wao kwao hupiga mswaki kila siku. Aliwaita wachafu. Sasa wenzake walikuwa na macho, na walikuwa na kumbukumbu nzuri. Walimwomba awafundishe kupiga mswaki.

Daisy hakumwambia mama yake lolote. Alisugua tu. Chebet aliona mkono unavyokwenda kwa nguvu, akamkumbusha ufizi si sakafu, na mtoto akapunguza kwa muda wa kuitikia, kisha akarudia. Asubuhi moja alitema povu, na povu lilikuwa la waridi.

"Daisy, hiyo ni damu?"

"Ni kidogo tu."

"Sogea karibu. Fungua mdomo Mum aone."

Mtoto hakutaka. Chebet akamwita mama yake, na Kogo akaja, akainua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa umevimba juu ya meno yale mapya, umekwaruzwa mikwaruzo myembamba mingi, mingine imeanza kupona na kuchanwa tena. Hakuna mswaki laini unaofanya vile. Kogo alimuuliza mara moja tu kwa Kikalenjin, na Daisy akaingiza mkono nyuma ya ndoo akatoa kipande cha waya wa kusugulia sufuria.

"Sufuria inatoka safi," akasema.

Chebet alikaa kwenye sakafu ya bafu. Nje Ann aligonga, akasikia kimya, akaacha kugonga. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia, na Chebet, ambaye alikuwa amefanya mazoezi ya maneno hayo kwa wiki nzima na kila siku akayameza, aliyasema vibaya na kwa haraka. Alisema si mswaki. Alisema meno ya Daisy yako hivyo kwa sababu ya maji, hata angesugua namna gani yasingebadilika, na kwamba yake yeye mwenyewe yalikuwa hivyohivyo, ya kahawia, tangu utotoni, mpaka daktari alipoyafunika. Haya meupe ni kifuniko. Chini yake yako yaleyale.

Daisy alimtazama kinywani, si machoni.

"Nionyeshe picha."

Chebet hakuwa nayo. Katika picha zake zote za zamani, ya darasa, ya pasipoti, ya harusi za watu, amefunga mdomo. Kogo alisema kutoka nyuma kwamba ni kweli, mama yako alikuwa hivyo, na Daisy akalipanga jambo lile kichwani mwake. Alikuwa mtoto wa kupanga mambo. Walimfundisha wenyewe kuanza mwanzo, kumaliza nje, ndipo aingie ndani.

"Kwa hivyo wale watoto wa shule walikuwa wanapiga mswaki," akasema.

"Walikuwa wanapiga."

"Na mimi niliwaambia ni wachafu."

Chebet akasema hakuwa na kosa, alikuwa hajui.

"Wewe ulikuwa unajua," Daisy akasema.

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa la hasira Chebet angelibembeleza, angelia, angeomba msamaha kama mama anavyomwomba mtoto, kwa utani na ahadi. Lilisemwa tu, kama mtu anavyosema kumekucha. Halafu Daisy akauliza yeye atafunikwa lini. Chebet akamwambia mpaka awe mkubwa, meno na taya vimalize kukua, miaka mingi, na kwa sasa asitumie waya tena, mswaki laini tu, ufizi upone, meno yasioze. Alimweleza alichoambiwa na Kwamboka, kwamba meno dhaifu ndiyo yanayotaka mswaki kuliko mengine. Yote yalikuwa kweli tupu, kila neno. Mtoto akauliza tena, kwa adabu, kama hiyo ni kweli.

"Ni kweli."

"Sawa," Daisy akasema, akaondoka kwenye kioo, na Kogo akabaki ameshika simu inayoonyesha ukuta.

Mvua zilikuwa zimekuja tangu mwezi wa nne. Tangi likajaa, na sasa maji yake hayakuguswa na mtu ila Daisy, nguo zikawa zinafuliwa kwa maji ya kisima. Kogo alilifunika kwa wavu kwa sababu ya ndege, akalipiga kufuli. Kwa magego ya nyuma huenda ilisaidia. Hakuna atakayejua kwa miaka mingine kadhaa, na hayo ni magego, hakuna anayekupa kazi kwa kuyatazama.

Ufizi ulipona. Ni mwepesi wa kupona ufizi, ukiachwa. Lakini Kogo alieleza mambo mengine. Mtoto haongei shuleni, mwalimu akiuliza swali anaandika jibu kwenye kitabu na kumwonyesha. Usiku anaomba chai yenye sukari na biskuti, na akinyimwa hapigi kelele, anasubiri bibi alale. Lile jino lililoliwa pembeni limeanza kuwa jeusi katikati. Kwamboka, alipoonyeshwa picha, alisema apelekwe kwa daktari mapema na mswaki upigwe kwa bidii, asubuhi na usiku, hakuna njia nyingine. Alirudia hakuna njia nyingine, akamshika Chebet mkono.

Chebet alipanga kwenda nyumbani kukaa naye, lakini likizo yake ilikuwa bado mwaka mzima. Alimwomba Marvin aisogeze. Marvin alimsikiliza vizuri, akauliza nani kafariki, na Chebet aliposema ni meno ya mtoto, akainamisha kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa na kumwambia angejaribu. Msimu wa wageni ulikuwa mkali. Jibu lilikuja ni hapana.

Asubuhi moja alipiga kama kawaida, simu imeegemea kopo la sabuni, na aliyetokea kwenye kioo alikuwa Kogo. Alisema Daisy yupo, ameamka, hana homa. Ila ameomba kitu. Kogo alilitafuta neno, akageuka kumtazama mtu aliyekuwa pembeni, akakigeukia tena kioo.

"Anasema uwe unapiga bila picha."

Chebet akauliza kwa nini, ingawa alijua. Picha ikazimwa, kioo kikawa cheusi, na Chebet akajiona humo yeye mwenyewe, mswaki mkononi na meno yake mazuri.

"Shikamoo, Mum," sauti ya Daisy ikasema.

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Vizuri."

Nyuma ya sauti ile redio ya Kogo ilikuwa ikisoma habari, ng'ombe akalia, kikombe kikawekwa mezani. Chebet alitega sikio apate mlio wa mswaki. Hakukuwa na mlio wowote. Usiku uliopita Kogo alikuwa amemwandikia kwamba mswaki ni mkavu tangu Jumapili, na kwamba amechoka kugombana na mtoto asiyegombana.

"Umepiga mswaki?" Chebet aliuliza.

"Ndiyo, Mum. Napiga mswaki kila siku."

Chebet alifungua kinywa kumwambia asimdanganye. Alikaa hivyo, kinywa wazi mbele ya kioo cheusi, na hakupata mahali pa kuanzia, kwa kuwa mtoto yule alikuwa amejibu vilevile alivyojibiwa, tena kwa upole uleule, kama mtu anayemficha mwenzake jambo ili asiumie. Nje basi la kampuni likapiga honi. Chebet akasema vizuri sana, akakata simu, akashuka kwenda kazini kutabasamu.